Siku moja ya mhakiki wa filamu: nikipima ngumi na kicheko

Watu wakisikia kazi yangu ni kuhakiki filamu, wengi huniambia nimepata: nalipwa kwa kukaa na kutazama picha. Nimeamua kuandika siku yangu moja, saa kwa saa, ili waione kazi yenyewe.

Saa mbili asubuhi. Barua pepe, masahihisho ya makala iliyopita, kisha filamu ya leo: Rush Hour ya 1998, iliyoongozwa na Brett Ratner. Ni ya safu yetu ya picha za zamani.

Saa tatu na nusu naitazama yote, dakika 98, bila daftari. Mara ya kwanza lazima nicheke kama mtazamaji yeyote, maana kicheko ni ushahidi, na ukianza kuandika mapema unakipoteza.

Saa tano na nusu naanza upya, daftari mkononi, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Binti wa balozi mdogo wa China ametekwa Los Angeles. Inspekta Lee (Jackie Chan) anatoka Hong Kong kuja kusaidia, FBI hawamtaki, wanamsukumia Carter (Chris Tucker), polisi wa jiji mwenye mdomo usiopumzika, amzungushe mbali na kesi. Wakikutana uwanja wa ndege, Lee ananyamaza tu. Carter anadhani mgeni hajui Kiingereza, anamfokea neno moja moja. Kumbe Lee anaelewa kila kitu, na anamwacha aropoke. Hapo naandika alama ya kwanza ya sifa: anayeongea sana ndiye asiyejua kinachoendelea, na tumeshawajua wote wawili kabla ngumi haijarushwa.

Kuanzia saa saba nimekaa na pigano moja tu, lile la ukumbi wa maonyesho karibu na mwisho. Lee amezungukwa na maadui katikati ya sanaa za Kichina zenye thamani isiyokadirika. Anapiga, lakini kila teke likienda, chombo kirefu cha kauri kinayumba, naye inabidi akidake, akisimamishe, ageuke apangue ngumi nyingine, arudi kukishika tena. Nimelirudisha, nikalipunguza mwendo, nikaangalia macho yake: hayamtazami adui, yanatazama chombo. Kwa hiyo tunaogopa na kucheka kwa wakati uleule, kwa mwili uleule. Mwishowe anakiweka salama, risasi inakuja inakisambaratisha. Kwangu hicho ndicho kipimo cha filamu ya aina hii. Kicheko kikitoka ndani ya hatari yenyewe, picha iko hai. Mapigano yakisimama ili mtu atoe kichekesho, kisha yakaendelea, umetazama filamu mbili zilizoshonwa pamoja.

Na Rush Hour ina mshono huo mahali pengi. Nilikuwa naanza kuyapanga haya simu ikaita. Mhariri.

“Dada, niambie tu, nzuri au mbaya?”

Nikamweleza habari ya mshono. Akasema wasomaji wanataka nyota. Nikamwambia nyota zitakuja, lakini msomaji anastahili kujua zimetoka wapi. Akataka nimpe basi kichwa cha habari, eti “Bora kuliko zote” au “Imepitwa na wakati”. Tukabishana, akakata, akapiga tena, akaniuliza kama naweza kupunguza nusu ya makala. Nampenda kaka huyu, ananipa nafasi ambayo wengine hawanipi, ila simu ile ilinichukua muda mrefu kuliko pigano lenyewe, na niliporudi kwenye skrini uzi ulikuwa umekatika. Ikabidi nitazame tena tangu mwanzo wa tukio.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Macho yanauma. Nikatoa Police Story ya 1985, aliyoiongoza Chan mwenyewe, nilinganishe. Kule anaruka juu ya nguzo ndani ya jengo la maduka na kuteremka nayo huku taa zikipasuka, na tunaoneshwa zaidi ya mara moja, kwa pembe tofauti, ili tusiwe na shaka kwamba ni yeye. Rush Hour inakata haraka mno, mara nyingi teke linaanza kwenye picha moja na kufika kwenye nyingine. Hilo ni kosa la kweli, kwa sababu kumwajiri Chan halafu kutomwonesha mwili mzima ni hasara.

Utani wa Carter kuhusu Wachina nao nimeupima bila huruma. Pale Lee anapomjibu, bado unachekesha. Pale unapowalenga wapita njia wasio na jibu, umechakaa. Binti aliyetekwa, aliyechangamka sana mwanzoni, anatoweka karibu filamu nzima. Tania Johnson, mtaalamu wa mabomu, anasubiri mpaka mwisho kupewa kazi inayomfaa.

Usiku nimetuma makala nzima, bila kupunguza, nikaipa nyota tatu kati ya tano. Mhariri akaniandikia: mbona si nne? Nikamjibu: Juntao. Tom Wilkinson, anayemwigiza, alikuwa mwigizaji mkubwa, lakini adui huyu anafichwa muda mrefu kiasi kwamba akifunuliwa hatujapata nafasi ya kumwogopa, na bila woga Chan hana cha kugeuza kicheko. Ameniahidi sentensi hiyo itabaki.