Gesi hukaa chini: mtungi ndani ya chumba cha kupanga

Chumba kimoja cha kupanga hapa Dar es Salaam hubeba kila kitu: kitanda, friji, jiko, mtungi wa gesi na mlango mmoja. Wengi wakisikia habari ya gesi kuvuja hufungua dirisha, wakaona wameshamaliza. Dirisha halitoshi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa uvunguni na nyuma ya friji.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya gesi ikitoka mtungini huwa mvuke wa karibu nusu mita ya ujazo, na hewa yenye gesi asilimia 2 tu tayari inaweza kulipuka. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, uangalie ile hewa ya chini tu, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, nusu mita hivi. Hiyo ni mita za ujazo 4.5. Ili iwe hatari inahitaji lita 90 za gesi, yaani gramu 200 hivi. Mtungi mdogo una gramu 6,000.

Halafu kuna friji, ambalo karibu hakuna anayelifikiria. Friji hujiwasha na kujizima lenyewe usiku kucha, na mengi yana swichi ndogo ya kuwashia mota, nyuma kabisa, karibu na sakafu. Cheche yake hutokea pale pale gesi ilipojikusanya. Kwa hiyo mtungi usikae ubavuni mwa friji hata kama ndiyo nafasi iliyobaki. Afadhali usogeze kitanda. Na kila ukimaliza kupika, funga valvu ya mtungini kwanza, moto ufe wenyewe, ndipo ufunge kitufe cha jiko. Ukifunga kitufe peke yake, mpira unabaki na gesi yenye msukumo hadi asubuhi, na ukiwa na ufa, unavuja wewe umelala.

Uvujaji mwingi huanzia kwenye maungio, hasa siku ya kubadilisha mtungi. Kabla hujaunganisha jiko au regulata (kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi), angalia ndani ya mdomo wa valvu: kuna mpira mwembamba wa duara. Ukiwa haupo, umekatika au umekakamaa, rudisha mtungi dukani. Kipande cha tyubu ya baiskeli hakifai, kwa sababu gesi hulainisha mpira wa aina hiyo hadi ukavimba na kuachia. Ukishaunganisha, changanya sabuni ya maji na maji kidogo hadi itoe povu zito, fungua valvu huku jiko likiwa limezimwa, paka povu kwenye mdomo wa valvu, kwenye regulata na kwenye ncha zote mbili za mpira. Subiri dakika moja. Kiputo kinachokua, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, ni gesi. Usipime kwa kiberiti, hata ukiwa uani.

Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi ya kiwango ubavuni, usizidi mita moja na nusu, na usipite nyuma ya jiko penye joto. Ule mpira wa maji unaopitisha mwanga hukauka na kupasuka. Kila mwezi ukunje kwa vidole kipande kwa kipande: mipasuko midogo huonekana kwenye mkunjo, na alama za meno ya panya pia. Kwenye ncha weka klipu ya chuma ya kukaza kwa bisibisi. Waya wa kufungia hukata mpira taratibu bila wewe kujua. Klipu imekaza vizuri pale mpira usipozunguka ukiushika kwa mkono.

Gesi ikikaribia kuisha, msiulaze mtungi wala kuutikisa. Mtungi ukilala, kinachotoka ni kimiminika badala ya mvuke, na moto huruka ghafla juu ya sufuria.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake, na mpangaji ana haki ya kumwomba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Ombi ni dogo: tundu la ukubwa wa tofali moja kwenye ukuta wa nje, chini kabisa usawa wa sakafu, lenye wavu wa kuzuia panya, lisiloelekea koridoni wala kwenye shimo la maji machafu. Fundi mmoja anamaliza kwa siku moja. Chumba ambacho mlango wake unafungukia koridoni pekee, bila tundu hilo, binafsi nisingewasha gesi humo, ningepikia uani.

Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, ya kuwasha wala ya kuzima, na simu usiitumie humo ndani. Funga valvu, fungua mlango wazi kabisa, toa watu, waamshe na wapangaji wenzako, maana gesi hupita chini ya milango. Kama mita ya umeme iko nje na mbali, kata umeme huko. Feni usiiwashe. Gesi ya chini husukumwa nje kwa kupunga kanga au kipande cha boksi kuelekea mlangoni, na hilo lifanywe baada ya valvu kufungwa.

Moto ukishika kwenye maungio na valvu bado inafikika, funika mkono kwa kitambaa kibichi uifunge. Isipofikika, ondoka. Usiuzime moto huku gesi ikiendelea kutoka: itajaza chumba, na cheche ya kwanza italipua vyote. Piga 114 ukiwa mbali, uwaambie Zimamoto nyumba ina mitungi mingapi na iko vyumba gani, hata ile mitupu, kwani mtungi mtupu huwa bado na mvuke ndani.