Mgunga, Nyasi na Udongo Mweusi: Makazi ya Mbwigu wa Mbao

Ndege wa mbao akisimamishwa juu ya kijiti chochote kilichookotwa uani, mtazamaji huona pambo, akapita. Akipewa mmea wake, ule anaouwindia na kulia chakula, papo hapo hujulikana anaishi wapi na anafanya nini. Kwa hiyo nashauri uchague mmea mmoja, uzijue tabia zake, kisha utengeneze sehemu zake chache kwa ukamilifu. Kichaka chenye aina sita za majani humfunika ndege, na mara nyingi hakuna jani hata moja ndani yake lililo sahihi.

Mfano wa leo ni mbwigu, ndege mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mkia mrefu, anayekaa kwenye nyaya na nguzo za ua hapa Nairobi na kuchomeka panzi kwenye miiba. Ana urefu wa sentimita 21 hivi, na jakaranda inamfaa kwa sababu ni mbao nyepesi isiyosumbua kisu. Mmea wake utakuwa mgunga wa vinundu, Vachellia drepanolobium, unaoota kwenye udongo mweusi wa nyanda za Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Kitengela na Athi River. Mbwigu akichongwa kwa ukubwa halisi, mmea nao uwe wa ukubwa halisi. Mti mzima hautaingia kwenye kibao, basi tengeneza tawi moja la sentimita 35 hadi 40.

Kwanza nenda ukautazame mti wenyewe. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchuma kitu, lakini picha inatosha ukiweka rula kando ya tawi. Piga kwa karibu pale mwiba unapotokea, kwa sababu wengi hukosea hapo. Kinundu cha mgunga huu si tunda. Ni sehemu ya chini ya miiba miwili, iliyovimba na kuungana. Kwa hiyo hakina kikonyo na hakining'inii: kimekaa kwenye kifundo cha tawi, na miiba yake miwili inatokea humo ikielekea pande tofauti. Ukikining'iniza kama embe, aliyewahi kuuona mti huu atajua mara moja. Pia si kila jozi ya miiba ina kinundu. Nyingi ni miiba ya kawaida, myembamba, iliyonyooka.

Tawi la kweli linavutia kulitumia, ila lina hatari mbili. Wadudu wanaobungua mbao hubaki ndani, na miezi kadhaa baadaye unaona ungaunga chini ya kazi iliyokwisha. La pili, tawi likizidi kukauka gome lake hujikunja na kubanduka. Mimi napendelea kulitengeneza. Shina lake la ndani liwe spoki ya baiskeli yenye unene wa milimita 2 hivi. Waya wa shaba ni rahisi kupinda, lakini chini ya uzito wa ndege hulegea polepole, na mbwigu aliyesimama wima huanza kuinama mbele. Shaba iache kwa vijitawi: waya wa umeme wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa uzi mmoja, baada ya kuvuliwa plastiki. Funga kila kijitawi kwenye spoki kwa waya mwembamba wa shaba, ule unaozungushwa ndani ya mota, mizunguko minane au kumi, kisha paka gundi ya Araldite. Kulehemu kwenye spoki iliyopakwa kromu hakushiki vizuri, usipoteze muda. Tawi la mgunga hupinda kidogo kwenye kila kifundo, kwa hiyo lipe vipinda hivyo kwa koleo kabla ya kulivisha gome.

Gome ni epoksi ya vipande viwili, ile inayokandwa kama unga wa chapati. Kanda kiasi cha ncha ya kidole gumba kwa wakati mmoja, maana ukikanda nyingi itakauka mkononi. Ivishe unene wa milimita 1 hadi 2, lowesha kidole kwa maji ili isinate, kisha chora mistari ya urefu kwa sindano. Ikianza kuwa ngumu lakini bado inapokea alama, isugue kwa mswaki mkavu ili mistari isionekane imechorwa na mtu.

Kwa vinundu, finyanga mpira wa karatasi ya alumini ya jikoni, kipenyo sentimita 2, uukaze sana, kisha uuvishe epoksi ya milimita 2. Alumini hupunguza uzito na gharama. Kwenye tawi la urefu huu vinundu vitano vinatosha, kila kimoja ukubwa wake. Vile vichanga viwe vidogo na laini, vya kijani chenye wekundu wa zambarau. Vikongwe ni vyeusi au kijivu, vina mikunjo na vitobo vya sisimizi. Sisimizi hao, wengi wao wa jenasi Crematogaster, huishi ndani na kuulinda mti, na upepo ukipita kwenye vitobo hutoa mluzi. Toboa kwa keekee ya milimita 1.5 epoksi ikiwa imekauka kabisa, kitobo kimoja au viwili tu kwa kila kinundu, na upake weusi ndani ili alumini isimeremete.

Miiba nafanya kwa mianzi. Chukua kijiti cha mishikaki, kipasue mara nne, kata vipande vya sentimita 3 hadi 6, uchonge ncha kwa wembe ukimalizia na msasa namba 400. Nyuzi za mianzi ni ndefu, kwa hiyo ncha haikatiki ovyo kama ya kijiti cha meno. Toboa tundu la milimita 1, tia tone la supaglu, chomeka. Mwiba wa kweli ni mweupe wenye ncha ya kahawia. Weupe huo uchanganye na kijivu kidogo, la sivyo utaonekana plastiki.

Majani ndiyo yanayochosha, na ndiyo yanayostahili subira. Jani la mgunga lina uti mmoja wenye jozi za vijiti pembeni, na kila kijiti kina vijani vidogo sana vya milimita chache. Usijaribu kukata kijani kimoja kimoja. Kata ukanda wa karatasi ya kuchapia ya gramu 80, upana milimita 6, urefu sentimita 2. Bandika waya wa mota katikati kwa urefu. Kisha kwa mkasi mdogo wenye makali, chanja pande zote mbili kila milimita 1, mkasi ukielekea ncha, ukikaribia waya bila kuugusa. Dondosha supaglu ile nyepesi kama maji, karatasi inywe na kukakamaa. Hicho ni kijiti kimoja; unganisha jozi nne au tano za vijiti kama hivyo kwenye waya mmoja na jani limekamilika. Majani kumi yanatosha kwa tawi la kiangazi, na yatokee kwenye vifundo, pale pale miiba inapotokea. Tahadhari moja: usipanguse supaglu kwa pamba au kitambaa cha pamba. Hushika joto ghafla, hutoa moshi na huweza kuunguza ngozi.

Kijani kutoka kwenye chupa hakifai kikiwa peke yake. Changanya njano, buluu kidogo na chembe ya kahawia, upande wa chini wa jani uwe mwepesi zaidi. Acha majani mawili yakiwa na ncha zilizokauka. Malizia na vanishi isiyong'aa, maana mng'ao kwenye jani la mgunga huharibu kila kitu.

Udongo: kibao cha plaiwudi cha milimita 12, kipakwe vanishi pande zote mbili kwanza, kwa sababu kikinywa maji upande mmoja kitapinda. Chekecha vumbi la mbao kwa kichujio cha chai, changanya na gundi ya mbao na rangi ya akriliki, bila kuongeza maji, utandaze unene wa milimita 8. Udongo mweusi ukikauka huelekea kijivu, kwa hiyo usitumie rangi nyeusi tupu. Siku ya pili, ukiwa mgumu kiasi, chora nyufa kwa kisu: ndefu kwanza, kisha fupi zinazozifikia kwa pembe inayokaribia mraba. Nyufa zenye umbo la sega la nyuki zikipangwa sawasawa huonekana za bandia.

Nyasi ni Themeda triandra, inayogeuka rangi ya kutu inapokauka. Vipande vya kopo la soda vinafaa kwa majani yake: upana milimita 2 au 3, vilivyokunjwa kidogo katikati kwa urefu, vikasuguliwa kwa msasa, vikaoshwa kwa sabuni na kupakwa praima kabla ya rangi. Usiposugua, rangi itabanduka kwa kucha. Kwa mabua membamba tumia nyuzi za katani kutoka soko la Kariokor. Panda kwa mafungu, sio kama zulia: majani 40 hivi kwa fungu, yakitoka katikati na kuinamia nje, na udongo mtupu kati ya fungu na fungu.

Mweke mbwigu mwisho, vumbi na rangi zikiwa zimekwisha. Pini ya mguu, kipande cha spoki kilichokatwa, ipite milimita 10 ndani ya mwili. Kwenye tawi, mahali pa kucha, acha tundu tangu unapofinyanga epoksi, maana kutoboa baadaye hukutana na chuma. Kabla ya kutia gundi, msimamishe mkavu na umtazame kutoka pande nne. Mkia wake mrefu unavuta nyuma, kwa hiyo kifua kiegemee mbele kidogo hadi uzito ukae juu ya vidole. Panzi kwenye mwiba ulio karibu ni wa hiari. Ukimweka, awe mmoja, mdogo, na awe chini ya mstari wa macho ya ndege.

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Nairobi ukiwa na baridi, epoksi ipewe muda mara mbili. Iweke ndani mbali na dirisha, na usiijaribu kwa kucha kabla ya siku mbili.