Brigitte Helm ndani ya vazi la mbao

Fundi cherehani akitazama filamu, macho yake hayatulii usoni mwa mwigizaji. Yanateremka mabegani, yanatafuta mshono umepita wapi, yanakagua kwapa. Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyomfahamu Brigitte Helm: vazi kwanza, uso baadaye.

Wengi wenu mmeiona picha yake bila kujua kwamba ni yeye. Ni ile roboti ya kike inayong'aa kama chuma kwenye filamu ya Metropolis, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927. Watu huning'ang'aniza kwamba ile ni sanamu. Si sanamu. Ndani yake mlikuwa na binti wa Kijerumani ambaye hakuwahi kucheza filamu yoyote kabla ya hapo, na ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 kazi ilipoanza mwaka 1925 katika studio za kampuni ya filamu ya Ufa, pale Neubabelsberg, karibu na Berlin. Mwongozaji Fritz Lang aliwashikilia waigizaji wake muda wa karibu miezi 17.

Vazi lenyewe lilitengenezwa na mchonga sanamu, Walter Schulze-Mittendorff. Alimpaka Helm plasta mwili mzima, akapata umbo lake kamili, kisha akalijenga vazi juu ya umbo hilo kwa rojo la mbao, lile ambalo mafundi seremala hulitumia kuziba nyufa. Likikauka linakatika na kuchongeka. Akalipaka rangi ya fedha, na kamera ikaamini ni chuma.

Hapo ndipo ninaposimamisha filamu kila mara. Kitambaa kina huruma. Ukikosea nusu sentimita, kinavutika kidogo na kukusamehe. Mbao haisamehi. Na mtu aliyepimwa akiwa ametulia ana kiuno kimoja. Akiketi anakuwa na kingine, akiinua mkono mbavu zinapanda. Roboti tunaikuta imeketi kitini. Inainuka polepole, inatembea kuelekea kwetu, inanyoosha mkono. Zile hatua nzito tunazoziona kuwa za mashine, kwangu mimi ni hatua za mtu anayejihadhari asichunwe ngozi. Na Helm alichunwa kweli: alitoka na michubuko na mikwaruzo.

Naomba niseme jambo langu. Zamani nilimshonea mwigizaji wa jukwaani bodisi lenye vyuma mbavuni. Nilimpima amesimama wima kama mlingoti, nikakata, nikashona, nikajisifu. Usiku wa onyesho tamthilia ilimtaka apige magoti na kulia kwa dakika kadhaa. Alipolivua nilikuta mistari miwili myekundu chini ya makwapa, mmoja umeanza kutoa damu. Hakunilalamikia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Tangu siku ile, nikimaliza kumpima mtu wa jukwaani amesimama, ninamvutia kiti nampima tena.

Inasimuliwa kwamba Helm alimuuliza Lang kwa nini asiwekwe mtu mwingine ndani ya vazi, maadamu uso hauonekani. Lang akajibu kwamba yeye angejua. Nimeshindwa kulipenda jibu hilo, ingawa ninaipenda filamu.

Lakini ufundi wake mkubwa naona uko kwingine. Roboti inapopewa sura ya Maria, yule msichana mwema anayewatuliza wafanyakazi, Helm anacheza watu wawili wenye uso mmoja. Nguo ni ile ile! Mfanya mavazi hakumpa msaada wowote hapo. Basi anabadilisha mwili. Maria wa kweli mikono yake inakuja kifuani, mabega yameshuka, shingo imenyooka. Maria wa bandia anapandisha bega moja, kichwa kinacheza kwa kushtukashtuka kama cha ndege, na jicho moja linalegea nusu huku jingine limekodoa. Gauni lile lile sasa linakaa upande, kola inavutwa, mikunjo inatokea mahali ambapo haikuwapo. Nimeshona miaka mingi na bado sijaona mtu akiigeuza nguo kwa bega lake namna hiyo.

Baadaye Ufa walimtaka awe mwanamke mshawishi tu, mzuri, baridi, anayewamaliza wanaume. Alicheza filamu ya Alraune isiyo na sauti mwaka 1928, akairudia yenye sauti mwaka 1930. Aligombana na kampuni hadi mahakamani kwa sababu ya nafasi hizo, asishinde. Mwongozaji G. W. Pabst alimwona kwa jicho jingine: mwaka 1927 alimpa nafasi ya msichana kipofu, na mwaka 1932 akamfanya malkia wa Atlantis, ile nchi ya hadithini. Ufaransa nako, kwenye filamu ya L'Argent ya mwaka 1928, Marcel L'Herbier alimvisha magauni ya kung'aa yaliyomshika mwilini kama maji. Yatazameni polepole. Baada ya mbao, hariri. Na anavyojinyoosha mle utadhani ana deni analojilipa.

Alicheza filamu zaidi ya 30, kisha mwaka 1935 akaacha. Aliolewa na Hugo Kunheim, akahamia Uswisi, akalea watoto wanne. Mwaka 2008, kopi ya Metropolis yenye sehemu zilizokuwa zimekatwa na kupotea ilipatikana Buenos Aires, ikiwa imechakaa na kujaa mikwaruzo; miaka miwili baadaye watu wakaitazama karibu yote. Yeye hakuyaona hayo. Alifariki Ascona, huko huko Uswisi, mwaka 1996.

Katika miaka yake mingi ya Uswisi alikataa kuzungumzia filamu. Walioandika barua na waliobisha hodi wote walirudi mikono mitupu. Nami ningebisha, nasema kweli. Nisingemuuliza habari za Lang wala za umaarufu. Ningemuuliza lilikuwa likimbana wapi hasa: kwapani, kiunoni, au nyuma ya magoti.