Tunda Lisilofika Dukani

Mji wa Mitchell, kusini mwa Indiana nchini Marekani, una tunda ambalo wafanyabiashara hawalitaki, na umelifanyia tamasha kila Septemba tangu miaka ya 1940. Wanaliita persimoni. Si lile kubwa lenye asili ya Asia Mashariki ambalo hupangwa kwenye maduka makubwa. Hili ni la porini, dogo, la rangi ya chungwa iliyofifia, na likiiva hulegea mno hata ukilishika vibaya linapasuka. Sanduku na lori haliyawezi. Anayelitaka hulifuata liliko, nami nikalifuata.

Niseme ukweli: ukiingia barabara kuu ukitarajia kukanyaga matunda, utaona umedanganywa. Kinachokupokea ni bembea za umeme, moshi wa vibanda vya vyakula vya kukaanga, fulana za kila rangi, na watoto wanaolilia pipi. Gwaride nalo lilikuwa na ving'ora vingi kuliko masikio yangu yanavyovumilia. Nikajitenga kwenda kuuona mnara wa Gus Grissom, mwanaanga aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1926 na kufa katika moto wa chombo cha anga cha Apollo 1, Januari 1967. Ni roketi iliyochongwa kwa mawe ya chokaa, kwani ukanda huu unajulikana kwa machimbo ya mawe hayo. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kwenye gwaride lenyewe.

Tunda nililikuta mwishowe ndani ya pudini. Kuna shindano la pudini, na hapo ndipo wenyeji wanapoacha mzaha. Persimoni halichumwi. Unangoja lidondoke lenyewe, unaliokota kwenye nyasi kabla kulungu hawajakutangulia, unalisukuma kwenye chekeche ili ngozi na mbegu zibaki juu, kisha rojo unaigandisha kwenye friza. Siku ya kupika unaichanganya na sukari, mayai, unga, mtindi na mdalasini, unaoka hadi iwe ya kahawia iliyokolea. Inapopoa hubonyea katikati. Keki si keki, uji si uji. Wapo wanaotaka ikatike kwa kisu, wapo wanaotaka ichotwe kwa kijiko, na nilishuhudia bibi wawili wakibishana juu ya hilo kwa sauti ya chini na macho makali. Mimi niko upande wa kijiko.

Nikaomba kuonja tunda lenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa na ndoo akanipa gumu kwanza, makusudi, huku jirani zake wakijikaza wasicheke. Yeyote aliyewahi kung'ata bibo bichi anaujua ukakasi. Basi hapa uuzidishe mpaka ulimi ushindwe kuteleza mdomoni. John Smith, Mwingereza aliyefika Virginia mwaka 1607, aliandika kwamba tunda hili lisipoiva humpinda mtu mdomo kwa mateso. Zaidi ya miaka mia nne imepita na mzaha ni uleule. Kinachofanya hivyo ni tanini, ambayo hushikana na protini za mate na kuuondoa utelezi wake. Tunda likiiva, tanini hujikusanya kuwa mabonge yasiyoyeyuka. Bado imo, ila ulimi hauihisi tena.

Halafu akanipa lililolegea, lenye ngozi iliyokunjamana, ambalo sokoni ungedhani limeoza. Utamu wake ni mzito, una harufu ya asali na viungo. Hapo nikaelewa kwa nini watu hawa hawalalamiki kwamba tunda lao halijulikani. Uzuri wake wote umo katika hali ambayo mwenye duka angeitupa jalalani. Wengi husema lazima lipigwe na baridi kali ndipo liive. Nilipomuuliza mzee, alinionyesha ndoo yake: Septemba, jua linawaka, na matunda yameiva tele.

Yapo mengine ambayo hata yeye anayapenda bila kuyaamini. Unapasua mbegu kwa upande wake mwembamba na kutazama kiini cheupe ndani. Ukiona kijiko, theluji itakuwa ya kuchotwa kwa koleo. Ukiona uma, baridi itakuwa ya upole. Kisu ni upepo unaokata. Tulipasua kadhaa na karibu zote zilikuwa vijiko. Yeye akasema karibu kila mwaka huwa vijiko.

Nilikuwa nimeshatia mbegu chache mfukoni, nikamuuliza kama nikizipanda nitapata matunda. Akaniuliza nina ardhi kiasi gani. Miti hii kwa kawaida huwa ya kike na ya kiume mbalimbali. Wa kike ndio unaozaa, na wa kiume lazima uwe jirani. Na mche hausemi ni upi hadi utoe maua, jambo ambalo huchukua miaka. Kwa hiyo unamwagilia, unapalilia, unafukuza kulungu, halafu siku moja ya masika unagundua umekuwa ukilea madume matupu. Akaniambia nipande nyingi.

Nimezifunga kwenye mchanga wenye unyevunyevu na kuziweka kwenye friji, kwa sababu hazioti bila kupitia baridi kwanza. Wenzangu nyumbani wameshauliza mara mbili hicho kifuko cha mchanga kando ya maziwa ni cha nini.