Wanaotangulia Kengele

Leo Misa ya pili ilichelewa kuisha, wala sikumwona mtu akitazama saa. Baada ya matangazo, paroko aliwaita mbele wanaojitolea hapa parokiani, mmoja mmoja, kwa jina na kwa kazi yake. Hakusema "tuwashukuru wote waliotusaidia" kama tulivyozoea. Alisema: huyu ndiye anayefungua geti kabla ya Misa ya saa kumi na mbili na nusu, huyu ndiye anayeandika kitabu cha sadaka, hawa ndio waliobaki kuosha sufuria baada ya mazishi, mvua ikiwanyeshea. Nimerudi nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi, moyo umejaa, nikaona niandike kabla ya kulala.

Aliyepigiwa vigelegele zaidi ni shosho, bibi mzee anayefua vitambaa vya altare. Wengi tunamjua kwa sura tu, maana huketi pembeni, karibu na mlango wa sakristia. Kazi yake ina utaratibu ambao naamini wengi waliusikia leo kwa mara ya kwanza. Kile kitambaa cha kupangusia kalisi, kikombe cha divai ya Misa, hakitiwi sabuni moja kwa moja. Kwanza hulowekwa kwenye maji matupu, na maji hayo hayamwagwi mtaroni, kwa kuwa huenda yamebeba tone la Damu ya Kristu. Humwagwa kwenye udongo safi. Shosho huyamwaga chini ya mti ulio nyuma ya kanisa, polepole, bila kuzungumza na mtu. Ndipo afue, aanike, apige pasi, akunje mara tatu. Nimewahi kumwona akiinua kitambaa dirishani kukagua doa ambalo mimi sikuliona kabisa, kisha akakirudisha kwenye beseni.

Nakumbuka mwaka 2020. Makanisa yaliyofungwa kwa sababu ya korona yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na waumini wa miaka 13 hadi 58 pekee. Yeye alikuwa ameshaupita umri huo. Basi vitambaa vikawa vinapelekwa kwake, anafua, analeta mpaka getini, anarudi nyumbani. Misa inasomwa kwa vitambaa alivyovifua, naye mwenyewe haruhusiwi kuingia. Paroko alipolitaja hilo, mama aliyeketi kando yangu alitokwa na machozi, na mimi pia.

Kwenye jumuiya yetu kulikuwa na mjadala kabla ya siku hii. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema tusiwasifu watu mbele ya altare, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwingine akataja Mathayo 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Nimelifikiria neno hilo wiki nzima. Yesu alikuwa akimwonya anayetoa. Anayepokea hakuambiwa anyamaze. Ukisoma Warumi sura ya 16, Paulo anawataja watu kwa majina na kwa taabu yao: Fibi mhudumu wa Kenkrea, Mariamu aliyejitaabisha, Priska na Akila waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake. Hata Tertio aliyeshika kalamu ameacha salamu zake humo. Kama Paulo hakuona shida kuwataja, sisi tunaogopa nini?

Na tukisema kweli, kanisa hapa kwetu linasimama kwa watu hawa. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele mwaka 1976, kazi nyingi za parokia zimekuwa zikipitia kwa majirani wanaokutana sebuleni, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake hawalipwi hata senti. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipowatoa watu majumbani Mathare, ukumbi wetu ulipokea familia, na waliokoroga uji alfajiri ni akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki. Vijana walibeba magodoro kwa mgongo. Kwaya husifiwa kila sikukuu, na inastahili, lakini wabeba magodoro hawakuwahi kupigiwa makofi hadi leo.

Zawadi zilikuwa leso, rozari, na vyeti. Ninavyoona mimi, zawadi iliyo bora kuliko zote haikufungwa kwenye karatasi: jumuiya zimechanga kuwalipia wazee wanaojitolea mchango wa mwaka wa SHA, bima ya afya ya serikali. Kwa mwenye kipato cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mtu aliyeinamia beseni miaka yote hiyo ana mgongo unaohitaji daktari, na cheti hakitibu mgongo.

Baada ya Misa nilimfuata kumpa mkono. "Tumsifu Yesu Kristu, shosho." "Milele na milele, mwanangu." Akanishika mkono, akaniuliza kama kuna wasichana au wavulana wanaotaka kujifunza ile kazi, kwa maana macho yameanza kumsumbua na anataka kumfundisha mtu angali anaona. Nililipeleka swali hilo kwa vijana hapo hapo uwanjani. Wawili wamekubali, msichana wa Komarock na kijana mmoja wa Kayole. Wanaanza Jumamosi saa tatu, na nauli yao ya matatu jumuiya yetu itatoa.