Taa ikiwaka bado sijamaliza: siku moja maishani mwangu kama fundi mtandao

Saa 1:30 asubuhi. Begi kwanza. Roli la kebo ya mtandao ya Cat6, vichwa vya RJ45 vya kuchomekea kebo hiyo, koleo ya kubania, drili, uzi wa nailoni wa kuvutia kebo, testa yenye vipande viwili, na kalamu ya wino usiofutika. Roli hili ni jipya, kwa hiyo nakata kipande kidogo mwishoni na kukwangua waya mmoja kwa kisu. Ukitoka wekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitoka weupe, ni alumini iliyopakwa shaba juujuu, na roli linarudi lilikotoka. Alumini hukatika ukiikunja mara mbili tatu, na upinzani wake wa umeme ni mkubwa kuliko wa shaba. Kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Saa 2:30. Nyumba ya leo ina ghorofa moja. Mama mwenye nyumba anafanya kazi za kuhariri video humo humo ndani, na lalamiko lake ananipa kabla sijatua begi: "Fundi, tunalipia intaneti ya kasi, lakini nikitoa faili kompyuta ya chini kupeleka ya juu nasubiri mpaka nachoka."

Namwambia intaneti haihusiki hapo. Faili likitoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba, linapita kwenye kebo na ruta yenu tu (kisanduku kinachounganisha nyumba na intaneti), halitoki nje wala halili bando. Hata laini ya intaneti ikikatika, kompyuta zenu zitaendelea kupeana mafaili. Ananitazama kama niliyemwongopea. Wengi hunitazama hivyo.

Saa 3. Nazunguka na futi. Kanuni ni moja: kila kifaa kebo yake, zote zikutane mahali pamoja. Zamani haikuwa hivyo. Ethernet, mfumo huu wa kuunganisha kompyuta kwa kebo, ilibuniwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, na kwa miaka mingi kompyuta zilichangia kebo moja nene iliyopita kutoka mashine hadi mashine, kiungo kimoja kikilegea wote wanakosa. Kiwango cha kutumia waya za kusokotwa kwa jozi, kila mashine na yake, kilitoka mwaka 1990, na ndicho kilichotupa mpangilio huu wa sasa.

Urefu haunisumbui. Kebo inaruhusiwa kufika mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na nyumba ya kuishi haifiki hata nusu. Kinachonisumbua ni waya za umeme. Sipitishi kebo ya data kwenye bomba moja na umeme, na zikilazimika kukutana nazikatisha msalaba, zisitembee sambamba.

Saa 4 hadi saa 6. Kutoboa, kuvuta, kupanda na kushuka ngazi. Vumbi. Hakuna la kusimulia, ila hili: usiivute kebo kwa hasira ikikwama. Jozi zilizosokotwa zinafanya kazi kwa sababu ya msokoto wake, na ukizinyoosha humo ndani hakuna atakayeziona tena mpaka mtandao uanze kusuasua.

Saa 6:30. Vichwa. Hapa ndipo napopenda kukaa. Navua ganda la nje, nafungua jozi nne na kuzipanga kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia jozi ya kijani: inapitiwa katikati na ile ya buluu. Anayepanga kwa kufuata macho yake ataweka kijani na kijani pamoja, testa itamwonyesha namba zote ziko sawa mwanzo hadi mwisho, na bado mtandao utakuwa wa ovyo, kwa kuwa ishara moja imegawanywa kwenye jozi mbili tofauti. Msokoto naufungua kidogo tu, sentimita moja hivi, nakata ncha zilingane, nasukuma mpaka nione shaba nane zikimeta mbele ya kichwa, na ganda la nje liingie chini ya kibanio. Kisha nabana.

Saa 8. Chumba cha kazi cha juu kina soketi mbili ukutani zilizowekwa na fundi wa zamani. "Hizo ziko sawa," mama anasema, "taa zinawaka." Nachomeka laptopu yangu. Taa inawaka kweli. Kwenye mipangilio ya mtandao kasi ya kiungo imeandikwa 100 Mbps, yaani megabiti 100 kwa sekunde. Ruta ni ya 1000, laptopu ni ya 1000.

Nafungua bamba la soketi. Kebo inayofika hapo ni moja! Jozi ya chungwa na ya kijani zimekwenda soketi ya kushoto, buluu na kahawia zimekwenda ya kulia. Ujanja huu ni wa siku nyingi na una akili yake, maana mtandao wa 100 Mbps unahitaji jozi mbili tu, basi kebo moja inalisha mashine mbili. Lakini gigabiti, yaani 1000 Mbps, inataka jozi zote nne. Ikizikosa, vifaa vinapatana kwa kasi ya chini, taa inawaka, na hakuna anayeambiwa.

Nazirudisha waya zote nane kwenye soketi moja, upande wa pili vivyo hivyo. Soketi ya pili naifunika. Mezani naweka swichi ndogo, kisanduku cha kugawa kebo moja kwa vifaa kadhaa, yenye poti (matundu) tano, na kompyuta zote mbili za chumba hicho zinakaa hapo.

Saa 9:30. Chini, ruta ina poti nne na zinazohitajika ni sita. Mama analeta ruta ya zamani kabatini: "Hii haiwezi kuongeza?" Inaweza. Lakini ukiichomeka ilivyo, nyumba itakuwa na vifaa viwili vinavyogawa anwani za IP (namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao), kila kimoja kikijiona ndiye mkubwa, na kompyuta zitadaka anwani kwa bahati. Nazima ugawaji wake wa anwani, unaoitwa DHCP, naipa anwani 192.168.1.2 isigongane na ruta kuu, na kebo naichomeka kwenye poti ya kawaida, siyo ile ya intaneti. Halafu nasoma lebo chini yake: poti zake ni za 100. Basi ichukue printa na televisheni, zinatosheka. Kompyuta za video haziigusi.

Saa 10:30. Tunapima. Naweka faili la gigabaiti 10 kwenye kompyuta ya chini na kulipeleka juu. Kwa kiungo cha 100 Mbps lingechukua kama robo saa. Mama anashika simu apige hesabu ya muda, na mstari wa kijani unafika mwisho baada ya dakika moja na nusu hivi. Anataka nirudie. Narudia.

Kabla ya kufunga begi naandika jina la chumba kwenye kila kebo, ncha zote mbili. Kazi hiyo haimfurahishi mteja yeyote siku ileile.

Saa 12 jioni. Simu. Mteja wa zamani, sauti juu: "Fundi, nyumba nzima hakuna mtandao, na taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja!"

"Kuna mtu amepanga meza leo?"

"Mdogo wangu. Kuna kebo ilikuwa inaning'inia, akaichomeka."

"Ifuate kwa mkono. Inaanzia wapi na inaishia wapi?"

Kimya, halafu kicheko. Ncha zote mbili zimo kwenye swichi ileile. Ujumbe mmoja ukiingia humo unazunguka bila kikomo na kujizidisha mpaka hakuna nafasi ya mwingine, na swichi ndogo za nyumbani mara nyingi hazina ulinzi dhidi ya hilo.

"Chomoa ncha moja."

"Yoyote?"

"Yoyote."