Laptopu iliyochemka kila nikifungua video

Hapa Arua wakati wa kiangazi vumbi jekundu halina adabu, kwa hiyo laptopu ilipoanza kuniunguza mapaja nikalisingizia vumbi. Nikafungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na zile mbavu za shaba kulikuwa na utando mnene kama kipande cha blanketi! Nikauvuta kwa kibano, nikapiga brashi ya rangi huku nimeizuia feni kwa kidole isizunguke. Joto likashuka kutoka nyuzi 96 hadi 88. Bado.

Cha ajabu, nikicheza filamu zangu za kwenye diski, zote zimebanwa kwa mtindo uitwao H.264, mashine imetulia tuli. Ni YouTube tu inayoifanya ivume kama kinu cha mahindi. Hapo nikashtuka. Nikabofya kulia juu ya video, nikafungua takwimu zake: kodeki, yaani mtindo wa kubania video, ni VP9. Prosesa yangu ni ya 2013, haina sehemu maalumu ya kufungulia VP9, basi inafanya hesabu zote kwa nguvu zake yenyewe. H.264 inaimudu bila jasho.

Nikaweka kwenye brauza kiongezi kiitwacho h264ify, kinachoilazimisha YouTube ilete video za H.264, nikahakikisha uharakishaji wa maunzi (brauza kuiachia ile sehemu maalumu kazi ya kufungua video) umewashwa, nikapakia ukurasa upya. Dakika 20 baadaye, nyuzi 67 na feni haisikiki. Kasoro ni moja, video haipandi zaidi ya 1080p (mistari 1080 ya picha), lakini skrini yenyewe ni 1366 kwa 768, sasa nitalilia nini? Fundi aliyetaka kuniuzia feni mpya bado ananisubiri.